Kimweri ye Nyumbai, Simba wa Vuga

Mhariri ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa milima hii, mtu aliyekwisha kufa zamani, ili wale wanaosoma sasa katika madarasa tuliyoyaacha wapate kumjua. Nimemchagua Zumbe Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, aliyekufa mwaka 1862. Sote tuliopanda kutoka Mombo kuja shuleni tulipita Soni, na Vuga, mji wake mkuu, iko jirani tu na hapo, upande wa kuelekea Bumbuli. Basi si mtu wa mbali.

Lakini ujirani sio sababu yangu kubwa. Sababu ni kwamba maisha yake yanagusa jambo ambalo kila mwenye madaraka hukutana nalo, awe mfalme, katibu tarafa au mzee wa usharika: nini kifanyike na hasira, tamaa na wivu wa mtu aliyekabidhiwa watu wengine? Wasambaa wa zamani walikuwa na jibu lao. Wakristo nao wana lao. Kimweri aliishi mahali ambapo majibu hayo mawili yalionana kwa mara ya kwanza katika nchi hii.

Tuanze na chimbuko. Kimweri alikuwa Mkilindi, wa uzao wa Mbega. Habari za Mbega zinajulikana sana, nazo zimehifadhiwa katika kitabu Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, aliyewahi kuishi kwa Semboja, mwana wa Kimweri. Kitabu hicho kilichapwa kwanza na wamisionari wa Magila kwa sehemu, kuanzia miaka ya 1890. Mbega alikuwa mwindaji kutoka Nguu. Alizaliwa kigego, meno ya juu yakitangulia, na ndugu zake wakamchukia wakisema analeta vifo. Akafukuzwa, akatangatanga porini na mbwa wake, mwisho akapanda milimani. Huko akawinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Usiku mmoja akaua simba. Watu wakamwona kuwa ni mtu mwenye nguvu zisizo za kawaida, wakampa mke na nchi. Tangu siku hiyo mfalme wa Usambara akaitwa Simba.

Mtu akitaka kuifahamu siasa ya Usambara atazame hapo. Mbega ni mtu wa kuogopwa, kwa kuzaliwa kwake na kwa uganga wake. Ni mtu wa porini. Lakini mtu huyo huyo, akiridhishwa, anaponya: anagawa nyama, anaua mnyama mharibifu, anawatetea watu. Nguvu ni moja, na mambo yote yanategemea moyo wa mwenye nguvu umekaaje.

Wasambaa walikuwa na maneno mawili kwa hali hizo. Kuzifya shi ni kuiponya nchi, na kubana shi ni kuiharibu. Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyekaa milimani kwetu katika miaka ya 1960 akiwahoji wazee, aliandika mengi juu ya maneno haya, na kwa maoni yangu alifanya vizuri kuyaweka mbele. Mfalme aliaminiwa kuwa na uganga wa mvua. Akiwa ametulia, hana mshindani, watu wanamletea kodi na heshima yake, mvua inanyesha, migomba inastawi, watoto wanazaliwa. Akikasirika anaizuia mvua. Na lililo baya kuliko yote ni wenye nguvu wawili wakishindana, hali iliyoitwa nguvu kwa nguvu: kila mmoja anaharibu uganga wa mwenzake, na nchi inakauka katikati yao.

Msomaji wa leo aweza kucheka akidhani haya ni mambo ya ushirikina tu. Nisingecheka upesi. Ukiiweka mvua pembeni kwa muda, utaona kuwa walikuwa wanasema jambo la akili sana: hasira ya mwenye madaraka haikai ndani ya kifua chake. Inatoka nje, inaingia katika mashamba na nyumba za watu wasiohusika. Mtu wa kawaida akigombana na ndugu yake wanaumia wawili. Wakubwa wakigombana, aliye mbali huko Mtae anakosa chakula. Sisi tuliofanya kazi katika ofisi za serikali tumeona jinsi ugomvi wa wakuu wawili unavyoweza kulilaza jalada la maji ya kijiji kwa mwaka mzima.

Basi Kimweri alikuwa mfalme ambaye, kwa muda mrefu, nchi yake ilijiona imepona. Alishika utawala mwanzoni mwa karne ya 19, akatawala kwa zaidi ya miaka 40. Mamlaka yake yalifika mbali kuliko ya mfalme yeyote aliyemtangulia: milima ya Usambara ya magharibi na ya mashariki, Bonde, na kuteremka mpaka pwani. Huko pwani, kuanzia upande wa Tanga hadi Pangani, madiwani wa miji walihitaji kukubaliwa naye na vilevile kukubaliwa na Sultani wa Unguja, na pande zote mbili ziliona heri kuliacha jambo hilo hivyo hivyo bila kuuliza nani mkubwa. Huo nao ni utawala wa akili.

Aliitwa Simba Mwene, na jina halikuwa la bure. Kwa sheria ya nchi kila kitu kilikuwa chake: mbuzi, ng'ombe, mashamba, hata watu wenyewe. Mtu aliyeua mwenziwe, au aliyeshikwa na deni lisilolipika, akikimbilia nyumbani kwa mfalme Vuga alisalimika mikononi mwa wenye kisasi, ila tangu hapo akawa mtu wa mfalme. Tazama hekima iliyomo humo, na hatari pia. Kisasi cha damu ni moja ya tamaa kali kabisa za mwanadamu, nacho huendelea kutoka kizazi hadi kizazi. Utawala wa Vuga ulikizima kwa kukipokonya: hasira zote za nchi ziliachwa mlangoni kwa mtu mmoja. Raia hana ruhusa ya kukasirika mpaka kuua. Mwenye ruhusa hiyo ni Simba peke yake.

Je, Simba naye alizuiwa na nani? Swali hili Wasambaa hawakulisahau. Mfalme mpya aliposimikwa, watu walikusanyika Kihitu, karibu na Vuga, na siku hiyo walikuwa na uhuru wa kumwambia waziwazi kwamba ni mfalme wao, kwamba wanataka mvua na shibe kwake, na kwamba asipowatendea vema watamwondoa. Kisha siku ikapita, naye akawa Simba. Kadhalika palikuwa na Mlugu na wakubwa wengine wa mfalme ambao hawakuwa Wakilindi, watu wa koo za kawaida, waliosikiliza mashauri na kumshauri. Lakini mshauri ambaye mali yake na uhai wake ni wa yule anayemshauri husema kwa kupima sana.

Kimweri mwenyewe aliongeza kizuizi kingine, nacho ndicho kazi kubwa ya maisha yake. Alioa wake wengi mno, kutoka koo nyingi za nchi, na watoto wake walihesabiwa kwa makumi. Wageni walioandika habari zake waliona humo tamaa tu ya mwili. Siwezi kusema tamaa haikuwamo. Lakini palikuwa na hesabu pia. Mwana wa Kimweri aliyezaliwa na mwanamke wa ukoo fulani aliweza kupelekwa kutawala huko huko kwa wajomba zake. Kijana atawanyang'anyaje watu waliomlea mamaye? Atamwuzaje mjomba wake? Na wale wajomba wataasi vipi dhidi ya mtoto wao wenyewe? Mapenzi ya damu yaliwekwa kuwa lijamu ya ukali wa utawala. Kwa njia hiyo wanawe walikaa kama mazumbe milimani na Bonde, kila mmoja na watu wake, wote wakimwogopa baba yao aliye Vuga.

Mfalme huyo ndiye aliyetembelewa na Ludwig Krapf mwaka 1848.

Krapf alikuwa Mjerumani wa Württemberg, Mlutheri kwa malezi, aliyetumwa na chama cha misioni cha Kianglikana, CMS. Naye alikuwa mtu wa moto ndani. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mtu mwingine angerudi kwao. Yeye alikaa, akajifunza Kiswahili, akafungua kituo Rabai mwaka 1846 pamoja na mwenzake Rebmann, akawa na ndoto ya kupanga vituo vya misioni kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Mei 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Julai mwaka huo Krapf akafunga safari ya kwenda kwa Kimweri, maana alikuwa amesikia kuwa huko yuko mfalme wa kweli ambaye neno lake likitoka linafuatwa.

Aliyoyaona yalimgawanya moyo. Kwa upande mmoja alistaajabia utulivu wa nchi. Alitoka katika nchi za pwani na nyika ambako kila kijiji kilikuwa na wazee wake na ugomvi wake, na msafiri alilipa hongo kila mahali. Usambara akakuta mamlaka moja, njia zilizo salama, na watu wanaotii. Kwa upande mwingine aliona watu wote wamekuwa kama watumwa wa mtu mmoja, na jambo hilo lilimkera kama Mkristo. Nadhani alikuwa sahihi mara zote mbili, na ni heshima kwake kwamba hakuficha hata moja.

Kimweri alimpokea vizuri. Alisikiliza maombi yake, akakubali walimu wa Kikristo waje katika nchi yake. Krapf alirudi tena mwaka 1852, safari hii akipandia Pangani, na mfalme akalithibitisha neno lake. Inaelekea Kimweri aliwatazama wageni hao kwa jicho la mtawala: watu wenye dawa na elimu ya kusoma, tena wasiokuwa chini ya Unguja. Alikwisha kuwa na waandishi Waislamu wa kumwandikia barua za pwani, na baadhi ya wanawe walikuwa wamesilimu. Kwa mfalme wa namna hiyo, dini ni jambo la kuchukuliwa kwa tahadhari, kama bunduki. Sidhani kuwa aliwahi kuitazama imani ya Krapf kama kitu kinachouhusu moyo wake mwenyewe.

Hapa naomba niseme neno langu, maana tulilelewa katika shule iliyotufundisha Biblia pamoja na hesabu. Kimweri hunikumbusha mfalme Daudi kuliko mfalme mwingine yeyote wa Afrika Mashariki. Wote wawili waliunganisha nchi. Wote wawili walikuwa na wake wengi na wana wa mama mbalimbali. Wote wawili walizeeka huku wana hao wakitazamana kwa jicho baya. Daudi alijua kuwatawala Wafilisti akashindwa kumtawala Absalomu. Lakini iko tofauti moja kubwa. Daudi alipomchukua mke wa Uria na kumwua mumewe, yupo nabii aliyeingia nyumbani kwake, akamweleza mfano wa kondoo wa maskini, akamwonyesha kidole. Na mfalme akalia. Nathani hakungoja siku ya kusimikwa. Alikuja siku ya kosa lenyewe.

Wasambaa walikuwa na Kihitu lakini hawakuwa na Nathani. Walijua vema kabisa kwamba moyo wa mfalme ukiharibika nchi inaharibika, na kwa hiyo juhudi yao yote ilikuwa kumridhisha asikasirike: mpe kodi, mpe sifa, mwondolee washindani. Ni kama watu wanaoishi chini ya mlima wa moto, wakiutolea sadaka. Sisi Walutheri tulifundishwa kwamba sheria huufunga mkono wa mtu, na Injili huufikia moyo. Utawala wa Kimweri uliifunga mikono ya watu wote isipokuwa mmoja, na mioyo ikabaki vilevile, ya Wakilindi zaidi kuliko ya wengine, kwa kuwa wao walizaliwa wakiambiwa kuwa ni wana wa Simba.

Nisiwaonee watu wa zamani. Nchi za Kikristo za Ulaya katika karne hiyo hiyo zilikuwa na wafalme waliobatizwa, wenye makasisi kila upande, na mikono yao ilijaa damu. Kuwa na Nathani hakusaidii kama mfalme hataki kulia.

Wakati huo huo mambo mengine yalikuwa yakibadilika chini ya milima. Wazigua wa nyika walipata bunduki mapema kutoka pwani, na upande huo wa ufalme ukalegea. Misafara ya pembe na watumwa ilianza kupita bonde la mto Pangani, chini kabisa ya milima yetu, ikienda Upare na Kilimanjaro. Kimweri alikaa Vuga juu, katika ukungu, na nguvu zake zilikuwa nguvu za juu: mvua, kodi, heshima. Mmoja wa wanawe, Semboja, aliona kwamba nguvu mpya ziko chini. Akashuka akakaa Mazinde, katika nyika kavu kwenye njia ya misafara, mahali ambapo Mkilindi wa zamani asingetaka kukaa. Huko akafanya biashara, akavaa kama watu wa pwani, akakusanya bunduki na baruti. Mtu aliyepanga utawala kwa damu na ujomba hakuwa na kizuizi cha kumwekea mtu wa namna hiyo, maana bunduki haina mjomba.

Februari 1857 walifika Vuga Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, kabla ya safari yao kubwa ya maziwa. Njiani, Tongwe, walikuta askari wa Sultani wa Unguja wamekwisha wekwa. Na Vuga walimkuta Simba amekuwa mzee mgonjwa. Kimweri alikuwa amesikia kwamba mgeni ni mganga wa Kizungu, na alichotaka kwake ni dawa ya kumrudishia nguvu za mwili. Wageni hawakuwa nayo. Burton aliandika habari hizi kwa dharau kidogo, kama ilivyokuwa desturi yake. Mimi nikizisoma nahuzunika. Mtu ambaye nchi nzima iliamini kuwa afya yake ni afya ya mashamba alijua kwamba anakwisha, na alijua, bila shaka, ni nini kinachongoja nje ya mlango. Hakuomba dawa kwa ajili ya starehe tu.

Msiba mwingine ulikuwa umekwisha ingia ndani ya nyumba. Mwana aliyetarajiwa kurithi, Mshuza, alifariki kabla ya baba yake. Kwa hiyo Kimweri alipokufa mwaka 1862, utawala wa Vuga ulimwangukia mjukuu, Shekulwavu, kijana, huku baba zake wadogo, watu wazima wenye nchi zao na watu wao, wakitakiwa kumwinamia. Kifo cha mfalme kilikuwa jambo la kufichwa mpaka mrithi aingizwe, na taratibu zote zilifuatwa. Lakini hofu iliyokuwa imewafunga wale wana ilikuwa hofu ya mtu, nayo ilizikwa pamoja naye.

Semboja hakukubali. Visingizio vya kuanzisha vita havikosekani kati ya ndugu. Nguvu kwa nguvu, ile hali ambayo wazee waliiogopa kuliko zote, ikaja yenyewe. Kabla miaka ya 1860 haijaisha Semboja aliishambulia Vuga, ikachomwa moto. Shekulwavu alikimbia, akafa katika kukimbia huko, na Semboja akamweka mwanawe mwenyewe katika kiti cha Vuga, yeye akabaki Mazinde penye bunduki. Huko Bonde watu walikuwa wamechoka na Wakilindi wadogo waliowakamata watoto wao na kuwauza. Inasimuliwa kwamba Shekulwavu katika uchungu wake aliwaachia Wabondei wajitenge na Wakilindi. Wakaondoka kwa mapigano makali yanayojulikana kwa jina la Kiva, wakawaua Wakilindi na kuwafukuza, na wale walionusurika wakatawanyika.

Wana wa Shekulwavu na wafuasi wao hawakusahau, na vita vikaendelea, mwaka huu huku, mwaka ule kule, mpaka Wajerumani walipofika. Hiyo ni zaidi ya miaka 20. Vijiji vilihamia mahali pagumu kufikika. Zamani mfalme alipomtoza mtu faini na akakosa cha kulipa, alimchukua mtoto akawa mtu wa nyumba ya mfalme, milimani hapa hapa, na ndugu zake waliweza kumwona. Sasa mtoto huyo aliteremshwa Pangani, akavushwa bahari, ikawa basi. Kila aliyeuzwa alileta bunduki, na kila bunduki ilileta wengine wa kuuzwa. Wazee waliomsimulia Feierman miaka 100 baadaye walikuwa bado wanaitaja enzi ya Kimweri ye Nyumbai kuwa ndiyo wakati nchi ilipopona, na kilichofuata kuwa ndicho kuharibika.

Wako wasemao kwamba kosa lote ni la Semboja na tamaa yake. Wengine husema ni biashara ya watumwa, kwamba hata wana wa malaika wangepigana wakiwekewa soko la Pangani mlangoni. Mimi naona yote mawili ni kweli lakini hayatoshi. Kimweri alitawala vizuri akiwa hai. Hakuacha kitu ambacho kingeweza kutawala asipokuwapo. Alizizuia hasira za wanawe kwa kuwa na hasira kubwa kuliko zao. Kama angalikuwapo mtu Usambara mwenye haki ya kumwambia Semboja akiwa kijana kwamba jambo hili ni ovu, hata kama baba hajalikataza, labda habari zingalikuwa nyingine. Lakini uovu wenyewe ulipimwa kwa kumkasirisha baba au kutomkasirisha. Na yale mashauri ya Mlugu na wakubwa wengine, ambayo ndiyo yaliyofanana kidogo na utumishi wa umma tunaoujua sisi, yalikuwa na nguvu pale tu ambapo mwenye kiti alitaka kushauriwa.

Neno dogo kwa vijana. Msichukue kwamba Wasambaa waliiacha fikra yao baada ya hapo. Waliishika mpaka enzi ya Waingereza, na hata baada ya utawala wa machifu kufutwa mwaka 1963 walikuwapo wazee milimani waliokuwa wakiulizana mvua itashikwa na nani sasa. Wasomi wa wakati ule waliona haya kusikia maneno hayo. Mimi naona swali lilikuwa zuri: nguvu zimetolewa mkononi mwa mtu mmoja ambaye tulimjua hasira zake, je, hao wengi waliozipokea wanajua kwamba wanaweza kuikausha nchi?

Turudi kwenye ahadi aliyompa Krapf. Mwaka 1867 walipanda Vuga watu wa UMCA wakitafuta ruhusa ya kujenga, nao wakamkuta Shekulwavu katika miezi yake ya mwisho ya amani. Wakapewa Magila, kule Bonde, na hawajakaa sawasawa Kiva ikatokea. Kazi ikasimama na kuanza mara kadhaa, mpaka Padre Farler alipofika mwaka 1875 akaitia mizizi katikati ya watu waliokuwa bado wanalala na silaha. Milimani kwenyewe hakukuwa na kituo. Krapf alikuwa amekwisha rudi Ulaya kwa ugonjwa, akawa anafanya kazi ya kamusi yake kubwa ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1882. Hakuiona, maana alikufa Korntal, Ujerumani, Novemba 1881.

Wohlrab na Johanssen, wamisionari wa Bethel, walipanda Mlalo mwaka 1891. Kituo cha Vuga kilifunguliwa mwaka 1895, mwaka ule ule aliokufa Semboja. Tangu Kimweri alipomwambia Krapf kwamba walimu na waje, mpaka mwalimu wa kwanza alipokaa katika milima yake, ilikuwa imepita miaka 43.